Wimbo wa Busega

Basi linalotoka Bukoba huingia Kampala kwa barabara ya Masaka, na kabla ya kufika mjini hupita Busega. Mara tatu nimepita hapo nikiwa usingizini. Mwanzoni mwa Juni basi hilo hujaa mahujaji: akina mama wenye vitenge vya picha ya Karoli Lwanga, vijana wa kwaya, mzee mmoja au wawili ambao rozari haijawatoka mkononi tangu Mutukula. Wote tunakwenda Namugongo, upande wa pili wa jiji, mahali walipochomwa moto watumishi vijana wa Kabaka Mwanga tarehe 3 Juni 1886. Busega kwetu ni kipilefti tu. Ni mahali pa foleni, mahali ambapo kondakta huamsha abiria na kuwaambia wakusanye mizigo yao.

Bibi yangu alinifundisha kuwataja mashahidi wote 22 kwa majina kabla sijajua kusoma. Nilikuwa nikimsindikiza kisimani huku nahesabu: Yosefu Mukasa, Karoli Lwanga, Kizito, Mbaga, Matia Mulumba. Nikikosea alinirudisha mwanzo. Lakini Busega hakunitajia hata siku moja, na sasa najua sababu. Waliouawa Busega walikuwa Waprotestanti, na katika hesabu ya Bibi hao hawakuwa wa kwetu.

Nilikuja kuwafahamu ukubwani, na kwa njia ya kazi. Nafundisha Kiswahili, na kwa muda mrefu nimekuwa nikifuatilia jinsi lugha hii ilivyosafiri kutoka pwani kuingia bara. Katika kufuatilia huko nikasoma kitabu cha Robert Ashe, mmisionari wa Church Missionary Society aliyeishi Buganda miaka ile, na ndani yake nikakutana na vijana watatu: Nuwa Serwanga, Makko Kakumba na Yusufu Lugalama. Waliuawa tarehe 31 Januari 1885, mwaka mmoja na zaidi kabla ya Namugongo, pembeni ya kinamasi. Mwanga alikuwa na miezi mitatu tu kwenye kiti. Na kitu kilichonifanya nisome ukurasa ule mara mbili ni habari iliyowafikia wamisionari baadaye, kwamba vijana wale walikuwa wakiimba, na wimbo waliouimba ulikuwa wa Kiswahili.

Niliweka kitabu chini. Nilikuwa nimezoea kukifikiria Kiswahili katika historia ya Buganda kama lugha ya misafara, ya pembe za ndovu na bunduki na nguo. Ilikuwa hivyo kweli. Wafanyabiashara wa pwani walifika huko tangu enzi za Kabaka Suna, wakaleta bidhaa zao na Uislamu wao, na mwanawe Muteesa akajifunza Kiarabu na Kiswahili. Mackay, fundi wa Kiskoti aliyefika mwaka 1878, alikuta lugha hiyo imeshatandikwa ikulu kama mkeka. Hakuwa na Biblia ya Kiganda, kwa kuwa haikuwapo. Alikuwa na sehemu za Maandiko zilizotafsiriwa Unguja na Askofu Edward Steere, na hizo ndizo alizosoma mbele ya Kabaka. Hivyo wanafunzi wa mwanzo wa Injili pale Natete waliisikia kwanza kwa lugha ambayo haikuwa ya mama zao. Waganda waliwaita abasomi, yaani wasomaji. Kusoma na kusali vilikuwa neno moja.

Wimbo wenyewe ulihusu mji wa Mungu, mji wa kusifiwa kila siku. Ninajaribu kuwaza watoto wa Buganda, waliokuwa na mji wao halisi wa Kabaka kilimani, wenye uzio wa matete na milango isiyohesabika, wakiimba kwa lugha ya Unguja juu ya mji mwingine.

Ghasia ilianza Mackay na Ashe wakiwa njiani kuelekea ziwani na baadhi ya vijana wao. Watu wenye silaha wakawazuia, wakawageuza, wakawashika wale vijana. Wengine waliokamatwa waliachiwa baadaye. Watatu hawakuachiwa. Aliyeongoza mambo alikuwa Mujasi, mkuu wa askari, naye aliwadhihaki kwa kile walichokisoma: mnamjua Isa, mnasema mtafufuka, haya tuwachome tuone. Huko Busega waliwakata mikono kwanza, kisha wakawaweka juu ya jukwaa la miti, moto chini.

Lugalama ndiye aliyekuwa mdogo. Alikuwa mtoto wa miaka kama 12, aliyetekwa vitani na kuletwa Buganda, na Ashe alimpenda kama mzazi. Ameandika kwamba mtoto yule aliwasihi wauaji wasimkate mikono. Aliwaambia hatapigana, hatajitupatupa, wamtupe tu motoni.

Hapo ndipo niliposimama, na kwa kweli sijaondoka. Katika mahubiri yote ya Juni niliyosikia tangu utotoni, mashahidi wanakwenda motoni kama watu wanaokwenda harusini. Bibi alisimulia hivyohivyo, na Kizito wake alikuwa anacheka njia nzima. Sina ugomvi na Kizito. Lakini hakuna mahubiri niliyowahi kusikia yenye mtoto anayeomba mikono yake. Mtoto yule aliogopa kisu, kama mwenye mwili yeyote angeogopa. Na bado ni yeye yuleyule aliyetajwa kati ya walioimba. Nikiambiwa nimtumaini Mungu bila woga, huwa namfikiria yeye, na neno "woga" linakuwa gumu kidogo kulitumia ovyo.

Lazima niseme kwa nini jambo hili linanigusa mimi, kwa sababu si kwa ajili ya ualimu peke yake.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kusoma katika mji mmoja wa Ulaya ya kaskazini. Nilikaa huko miezi 18. Watu walinipokea vizuri kuliko nilivyotarajia. Katika kundi letu hakuna aliyekuwa na dini, na dini ilipotajwa ilitajwa kwa namna ya kucheka, kama watu wazima wanavyocheka wakikumbuka walivyoogopa giza. Mmoja wetu alikuwa na uchungu wa kweli na Kanisa, kwa sababu nzuri alizonieleza baadaye. Nilijifunza haraka kunyamaza. Jumapili nilisema nakwenda kutembea.

Ijumaa Kuu moja tulialikwa chakula nyumbani kwa mwenzetu. Sufuria ilipofunuliwa ilikuwa nyama. Nilikuwa sijala tangu asubuhi, na nyama nisingeila, maana Bibi yangu asingeila hata kama ingekuwa chakula cha mwisho duniani. Mwenyeji akaniuliza kama siipendi. Nikasema tumbo limechafuka. Akaninyweshea chai ya tangawizi, akanifunika blanketi, akanihurumia usiku kucha. Wakati wote ule nilikuwa na njaa tupu.

Ni kisa kidogo, na naona aibu hata kukiweka karibu na Busega. Hakuna aliyenitishia. Hakuna mkuu wa askari. Kibaya zaidi ambacho kingenipata ni kuinuliwa nyusi upande wa pili wa meza. Ila ndiyo maana kimenikaa. Kama hatari ingekuwa kubwa ningejisamehe. Nilikuwa naogopa nini hasa?

Nilirudi nyumbani nikakuta hofu ya aina nyingine. Katika jumuiya yetu ndogo ndogo yupo ndugu mmoja, mtu mwenye bidii sana, ambaye kila mkutano hurudia kwamba zamu yetu ya Namugongo imefika. Anafuata habari za dunia kwenye simu: sheria hii ya Ulaya, hukumu ile ya Marekani, nani kafukuzwa kazi kwa kuvaa msalaba. Kwake yote ni moshi wa moto mmoja unaokuja. Dawa yake ni sisi kuwahi: tushike viti, tushike redio, tushike bunge, kabla wao hawajatushika. Nilimsikiliza nikajua hofu yake na yangu ni ndugu. Mimi nilificha chakula changu, yeye anataka rungu. Kwa hiyo nilirudi kwenye vitabu, safari hii si kwa ajili ya Kiswahili.

Cha kwanza nilichokiona ni kwamba aliyeogopa zaidi kuliko wote katika Buganda ya 1885 alikuwa Mwanga mwenyewe. Alikuwa kijana, hajatimiza miaka 20. Habari za pwani zilimfikia: Wajerumani wanajitwalia nchi, na Agosti mwaka huo meli zao za kivita zimesimama mbele ya Unguja kumtisha Sultani. Mazungumzo ya ikulu yalikuwa kwamba Mzungu huanza kwa kitabu na kumalizia kwa bendera. Tena palikuwa na utabiri wa zamani kwamba watakaoila Buganda watatokea mashariki. Katika hali hiyo Askofu James Hannington akaja kutoka pwani kwa njia ya mashariki, kupitia nchi ya Wamasai, njia fupi kweli lakini mlango wa nyuma. Alikamatwa Busoga akauawa tarehe 29 Oktoba 1885, na wapagazi wake karibu wote, watu wa pwani wengi wao, waliuawa pamoja naye. Majina yao hayamo katika hesabu ya yeyote, si ya Bibi, si ya Waanglikana.

Na hofu ya Mwanga haikuwa ya kijinga. Ilipofika mwaka 1894 Buganda ilikuwa chini ya Waingereza, na mwaka 1899 yeye mwenyewe alipelekwa Seychelles, akafia huko mwaka 1903 akiwa amebatizwa jina la Danieri. Aliyoyaogopa yote yalimpata. Tofauti yake na wale vijana haikuwa kwamba wao hawakuona hatari.

Yosefu Mukasa Balikuddembe alikuwa mkuu wa watumishi wa ndani, mtu aliyeaminiwa kuliko wengi. Alimkemea Mwanga kwa kumuua askofu bila hata kumsikiliza, na alikuwa ameshawakinga watumishi wadogo na madai ya Kabaka juu ya miili yao. Akauawa tarehe 15 Novemba. Ujumbe alioacha, kama ulivyohifadhiwa, ni kwamba Mwanga amemhukumu bila haki lakini amemsamehe, na ni heri atubu. Karoli Lwanga akashika nafasi yake, pamoja na kazi yake ya kuwakinga wadogo. (Siku hizi kisa hiki huvutwa huku na huku na watu wenye ugomvi wao wa leo. Mimi nakiona hivi: mtu mzima mwenye mamlaka yote aliwataka watoto, na mtu mzima mwingine akasimama mlangoni.)

Wanaonishangaza ni hao hasa, kwa sababu hawakuacha kumtumikia. Walikuwa watu wa ikulu. Walijua mlango upi haufungwi vizuri, nani yuko zamu, Kabaka amelala wapi. Kama walitaka kumdhuru wangeweza. Walikwenda kazini, wakafagia, wakabeba ujumbe, wakapiga magoti mbele yake, na jambo moja walilokataa walilikataa kwa uso wake. Mmoja wao, Yakobo Buzabalyawo, alipohukumiwa alimwambia Mwanga kwamba anakwenda kumwombea. Mwanga kwao hakuwa shetani, na hakuwa Mungu. Alikuwa Mwanga.

Ya Namugongo yanajulikana, sitayarudia yote. Usiku wa mwisho Lwanga aliwabatiza ambao hawakuwa wamebatizwa, Kizito akiwemo. Waliondoka kwa miguu wakiwa wamefungwa, wengine wakauawa njiani, waliobaki wakasubiri siku kadhaa kuni zikikusanywa. Linaloniumiza kila ninapolisoma ni la Mbaga Tuzinde. Mkuu wa wauaji, Mukajanga, alikuwa mzee wa ukoo wake na alimlea. Mzee yule alimsihi akubali tu kufichwa nyumbani, asikane lolote kwa sauti, akae kimya mpaka mambo yatulie. Mbaga hakutaka. Mukajanga akaamuru apigwe shingoni afe kabla ya kuingizwa motoni, na hiyo ndiyo huruma iliyokuwa imebaki mkononi mwake.

Kukaa kimya mpaka mambo yatulie. Ninalifahamu shauri hilo. Nililifuata miezi 18.

Lakini haki itendeke kwa walionyamaza pia. Wakristo wengi wa Buganda hawakuuawa mwaka 1886. Walijificha kwa jamaa na kwa machifu waliowaonea huruma, wakakimbilia mikoani, wakasoma usiku. Mackay na Ashe walichapa barua ya faraja kwa mashine yao ndogo ili isambazwe kwa siri, maneno yake mengi yakichotwa katika Waraka wa kwanza wa Petro. Waliwaomba wasimkane Bwana wao. Hakuna mtu anayewachapia barua watu ambao tayari hawana woga. Pale Namugongo kwenyewe, vijana watatu walitolewa dakika za mwisho na kuachwa hai, Denis Kamyuka akiwa mmoja wao, na ushuhuda wao ndio uliotufikishia mengi ya tunayoyajua. Bibi hakuwahi kunitajia Kamyuka. Kuna siku nafikiri ndiye ningependa kuzungumza naye, mtu aliyerudi kutoka kwenye kuni na kuishi hadi uzeeni akiulizwa habari za rafiki zake.

Kuna kitu kingine nilichokikuta, ambacho sikukitafuta. Miaka 10 kabla ya Karoli Lwanga, Muteesa, baba yake Mwanga, aliwaua vijana Waislamu wapatao 70, wengi wao pale pale Namugongo. Walikuwa watu wa ikulu yake waliofundishwa dini kwa dhati kuliko alivyotaka yeye. Walikataa kuswali nyuma yake kwa kuwa hakutahiriwa, na walikataa kula nyama iliyochinjwa na wachinjaji wake.

Walikataa nyama. Nilisoma sentensi hiyo usiku, nyumbani kwangu, na nikaona ile sufuria ikifunuliwa. Vijana wale, waliofundishwa dini yao kwa Kiswahili na watu wa pwani, waliambiwa na mfalme wale, na hakuna hata mmoja aliyesema tumbo limechafuka.

Ningependa kisa kiishie hapo, kwa vijana. Ndugu yetu wa jumuiya angependa pia. Lakini historia haikukubali. Mwaka 1888 Mwanga alitaka kuwamaliza wasomaji wote, Waislamu kwa Wakristo, kwa kuwatelekeza kisiwani ziwani. Wakaungana wakampindua. Muda si mrefu Waislamu wakawafukuza Wakristo, Wakristo wakakimbilia Ankole, wakajipanga, wakatafuta bunduki. Na mtu waliyemrudisha kwenye kiti kwa bunduki hizo alikuwa Mwanga. Walipigana ili wamrudishe aliyewachoma ndugu zao. Nimejaribu kuuita huo msamaha. Mara nyingine nafaulu.

Baada ya ushindi waligawana nchi. Vyeo vya juu, mikoa, ardhi, kila kitu kilihesabiwa kwa dini, upande mmoja "Wafransa" Wakatoliki, upande wa pili "Wangereza" Waprotestanti. Na kila upande ukaishi kwa kuutazama mwingine. Hofu ambayo Namugongo haikuweza kuwaingiza, sasa iliingia yenyewe: wenzetu wakipata bunduki zaidi itakuwaje, Kabaka akiegemea kule itakuwaje. Tarehe 24 Januari 1892 wakapigana pale Mengo. Kapteni Lugard wa kampuni ya Waingereza alikuwa amewapa Waprotestanti silaha, na alikuwa na bunduki za Maxim. Kanisa la Rubaga likachomwa moto. Wakatoliki wakakimbilia kisiwa cha Bulingugwe, na kwenye shambulio la huko watu wakafa maji, wanawake na watoto wakiwamo.

Ni miaka sita isiyotimia tangu Namugongo. Watu walewale. Apolo Kagwa, kiongozi wa upande wa Waprotestanti siku ile, mwaka 1886 alikuwa kijana wa ikulu aliyepigwa vibaya na Mwanga na kuponea chupuchupu. Mwaka 1886 kulikuwa na Mkatoliki na Mprotestanti kwenye kuni zilezile, na moto haukuuliza. Ukiunganisha hesabu ya Bibi na ile ya Waanglikana unapata 45, na Papa Paulo wa Sita alipowatangaza watakatifu wale 22 mwaka 1964, aliwakumbuka hadharani na wale wengine.

Nilimsimulia ndugu yetu wa jumuiya habari za Mengo. Nilidhani atakasirika. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Sasa dada, unataka tukae tu?" Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia Karoli Lwanga hakukaa tu, alisimama mlangoni. Akasema mlango wa leo uko wapi. Tuliishia hapo, mama mwenye nyumba akaleta chai.

Juni iliyopita nilimwambia kondakta anishushe Busega. Abiria wenzangu walidhani nimepotea. Mama wa kiti cha mbele alinishika mkono, "Mwanangu, Namugongo bado." Nikamwambia najua, nitawafuata. Nilishuka na begi langu kwenye vumbi na honi, jua linaelekea kuzama, malori ya mizigo yanazunguka kuelekea barabara ya pembeni. Vijana wa bodaboda wakanizunguka: "Namugongo, nnyabo? Namugongo?" Maana kwa mwanamke mwenye rozari wiki ile hakuna mahali pengine. Nikamwambia mmoja nataka kwanza kuona mahali pa wale wa kwanza. Alipajua. Alinipeleka, akazima pikipiki, akangoja bila kuniharakisha.

Ninachokumbuka zaidi ni ardhi yenyewe kwenda chini, mafunjo, unyevu, vyura wakianza. Mji umeshakula sehemu kubwa ya kinamasi lakini ukisimama unausikia. Nilitaka kuimba. Nimefundisha Kiswahili miaka mingi na sikuujua ule wimbo, si maneno yake wala sauti yake. Nikawataja majina matatu kwa sauti, kama nilivyokuwa nikihesabu njia ya kisimani: Nuwa, Makko, Yusufu. Kijana wa bodaboda alivua kofia.

Nikiwa nimesimama pale nikatoa simu, nikamwandikia yule mwenzangu wa ng'ambo. Tulikuwa tumeandikiana mara mojamoja kwa miaka yote, habari za kazi na watoto. Nilimwandikia kwamba ile Ijumaa, tumbo langu halikuwa na kitu. Nilikuwa nafunga, kwa sababu naamini, na niliona vigumu kumwambia. Nikaomba radhi kwa ile chai ya tangawizi. Nikatuma kabla sijapata nafasi ya kusoma upya.

Foleni ilikuwa ndefu. Tulipenya katikati ya matatu, tukapita pembeni ya jiji, taa zikawaka. Jibu liliingia tukiwa karibu kufika, wakati njia imeanza kujaa watu wa miguu kutoka Kenya na Kongo na kila upande, wengine wamevimba miguu. Alikuwa ameandika mstari mmoja: kwa nini hukusema, ningekupikia samaki.

Nilimlipa kijana wa bodaboda. Yule mama wa kwenye basi alikuwa ameshatandika mkeka karibu na uzio, akaniona, akasogea kidogo ili nipate nafasi.